Mtandao Uko Chini ya Mpapai

Jumapili, 3 Agosti 2025

Aibu! Nimeamka kutoka usingizi wa mchana, nikatoka uani, nikamkuta mke wangu Apolonia amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kiwiko juu ya ukuta wa jirani, simu ameinua hewani. Nimemuuliza anafanya nini. Akasema anawatumia wenzake wa kwaya wimbo mpya. Kwa waifai ya Nkwabi!

Niandike hapa ili ijulikane: nyumba hii ina waifai. Ruta niliinunua mwenyewe, nikaifunga ukutani sebuleni, kando ya televisheni. Na kwa kuwa mimi si mjinga, niliitengenezea sanduku la bati lenye kufuli, na tundu dogo mbele ili mgeni aone taa zinavyowaka. Ufunguo ninauvaa shingoni. Sanduku lina faida mbili. Mwizi hawezi kuibeba ruta, na mtandao hauwezi kuvujia kwa Nkwabi. Sikufanya ukarani kwenye kiwanda cha pamba miaka yote ile bila kujifunza mambo ya mitambo.

Tatizo ni dogo tu. Ukitoka sebuleni mtandao unakata. Jikoni haufiki. Vyumba vya uani, anakolala binti yetu Violeth, hauna hata habari navyo.

Nkwabi ameiweka ruta yake wazi, dirishani, kila mtu anaiona. Neno lake la siri ni "karibujirani". Apolonia anasema huo ni ukarimu. Mimi dharau naijua nikiiona.

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Violeth ameitwa kwenye usaili. Maabara ya kupima sampuli za mawe, kule Bugarama, karibu na mgodi. Binti yangu! Tangu amalize chuo amekaa nyumbani anaandika maombi, na anajibiwa asante kwa kuomba. Leo ameingia sebuleni simu mkononi, machozi yanamlenga, akaniamkia shikamoo baba mara mbili. Nimeitikia zote mbili. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Usaili wenyewe ni wa video. Jumanne ijayo, tarehe 12, saa nne asubuhi. Wamesisitiza: mahali patulivu, mtandao usiokatika. Atakayekatika katikati hatapangiwa siku nyingine.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Sebuleni mtandao upo, utulivu haupo, kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine ni nani? Nkwabi. Inanguruma tangu asubuhi mpaka vikombe vinacheza kabatini. Chumbani kwa Violeth utulivu upo, mtandao haupo. Apolonia akasema nifungue sanduku, nitoe ruta, niipeleke uani, maana inatumia laini ya simu na inachomekwa popote penye umeme. Violeth akaongeza, kwa adabu, kwamba bati lenyewe ndilo linalozuia mtandao.

Nimewaambia hapana. Ruta haitembezwi. Leo iko uani, kesho jikoni, keshokutwa utaisikia iko kwa Nkwabi. Kinachotakiwa hapa ni kifaa cha kuusukuma mtandao utoke sebuleni uende nyuma. Nimewaahidi kitakuwepo kabla ya Jumamosi. Violeth amesema asante baba, lakini alikuwa anamtazama mama yake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi kutoka Kahama. Vumbi mwili mzima, furaha tupu.

Ilikuwa hivi. Jana nilipita madukani hapa mjini. Wana vibusta vya kuongeza mtandao, vya plastiki, kimoja hakizidi kipande cha sabuni. Kijana wa dukani akaniuliza ruta yangu ni ya aina gani, ili anipe kinachoendana nayo. Ruta yangu inamhusu nini? Nikatoka.

Kila mtu ukanda huu anajua kitu imara ni kile kilichotoka mgodini. Buti la mgodini halitoboki. Turubai la mgodini baba anamrithisha mtoto. Sasa fikiria kifaa cha mawimbi kilichotoka mgodini! Kahama vitu hivyo vimejaa, na wenye navyo wanakubali kubadilishana. Basi nikapakia baiskeli yangu kwenye buti la basi. Apolonia nilimwambia naipeleka kwa fundi. Si uongo, maana Fredy niliyemwachia alikuwa na bisibisi mezani.

Fredy anauza mali za wachimbaji waliokata tamaa wakarudi kwao. Amenionyesha mashine moja ya kijivu yenye vitufe, mkanda wa kuvaa begani, spika, na waya mrefu unaoishia kwenye kisahani cheusi cha duara. Nikamuuliza kama inatuma mawimbi. Inatuma. Inapokea? Inapokea. Inapenya ukuta? Akacheka, akasema mzee wangu, hii inapenya mpaka ardhini. Akaanza kunieleza matumizi yake, nikamzuia kwa mkono. Sikutaka anione mshamba. Nimempa baiskeli, amenipa mashine pamoja na betri zake, tukaagana vizuri.

Kwenye basi abiria wa kando yangu ameitazama sana ile mashine. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, naenda kufanyia kazi wapi. Nikamwambia Ngokolo, nyumbani kwangu. Akaomba namba yangu ya simu. Watu wamechoka na mtandao mbovu, inaonekana.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kufunga mitambo. Nimeamka mapema, nikaitundika mashine kwenye ukuta wa nyuma wa sebule, kisahani kikitazama chumba cha Violeth. Tatizo moja: haina mahali pa kuchomeka waya wa ruta. Ina tundu la spika za masikioni tu. Nikatafuta waya wa redio ya zamani, upande mmoja nikauingiza kwenye tundu hilo, upande wa pili nikaubandika kwenye sanduku la bati kwa gundi ya karatasi. Inakaa vizuri. Kwa mbali huoni hata kama kuna gundi.

Violeth alitoka kuchota maji akasimama. Akaniambia baba, hii si ya intaneti. Hii ni detekta, ya kutafutia madini ardhini, chuoni walikuwa nayo, ikipita juu ya chuma inalia. Nimemwuliza inafanya kazi kwa kutumia nini. Akasema kwa mawimbi. Na waifai je? Akasema kwa mawimbi, lakini si mawimbi ya aina moja. Nikamwambia aina ni mambo ya darasani, mimi naongelea mawimbi yenyewe. Nimemsomesha ili aje kunifundisha?

Apolonia ameuliza baiskeli itatoka lini kwa fundi. Nimemwambia nimeamua kutembea kwa afya yangu. Amenitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akarudi jikoni.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu, kila mtu yuko nyumbani. Siku nzuri ya majaribio.

Nimewasha. Kimya. Nikazungusha vitufe. Kimya. Nikakishika kisahani, nikakisogeza karibu na sanduku la ruta. Makelele! Mashine ilipiga mluzi mpaka kuku wakatawanyika. Kumbe mtandao wetu una nguvu kiasi hicho, ila umekosa kiongozi tu.

Nikavaa mkanda begani, nikaanza kuutafuta mtandao uani hatua kwa hatua, kisahani karibu na ardhi, kwa kuwa Fredy alisema ardhi ndiyo njia yake. Mlangoni kwa Violeth, kimya. Kwenye kamba ya nguo, kimya. Jikoni ukalia juu ya sufuria, ukanyamaza. Lakini nilipofika chini ya mpapai, karibu na ukuta wa Nkwabi, mluzi mrefu usiokatika! Nikatoka, nikarudi. Pale pale.

Hapa lazima niandike jambo ambalo liko kati yangu na karatasi hii. Mwaka juzi nilinunua dishi kubwa la chuma la kunasa televisheni za nje. Halikunasa hata za ndani. Apolonia alikuwa amenionya, na Nkwabi alikuwa amenionya kutoka juu ya ukuta wake, mbele ya watu. Sasa nifanye nini, niliache paani watu wapite wakicheka? Nikalifukia chini ya mpapai, nikatangaza limeibwa. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba wezi wengine wana mashine za kukoboa.

Leo ndipo nimeelewa. Dishi lile halikuwa bovu! Linafanya kazi hadi leo, huko huko chini, linakusanya mtandao wa eneo zima. Nilikuwa mbele ya wakati.

Nikiwa nalia kwa furaha nikaona kichwa juu ya ukuta. Cornel, mpwa wa Nkwabi, mchimbaji, amekuja mapumziko kutoka Nyarugusu. Aliniamkia shikamoo mzee, kwa heshima kuliko siku zote. Akaitazama mashine. Akautazama mpapai. Akauliza imelia hapo? Nikamwambia hakuna kitu hapo, aende zake. Akatabasamu, akashuka taratibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeweka meza na kiti chini ya mpapai, nikatandika kitambaa cha wageni. Nimemwita Violeth ajaribu. Akakaa, akashika simu. Hakuna kitu. Nikamwambia asogee kushoto. Hakuna. Nikamwambia ainue simu, aishushe, aizime na kuiwasha. Papai bovu likadondoka mezani, kitambaa kikaharibika. Binti alikuwa anajizuia kulia. Akaniambia baba, imebaki leo na kesho na keshokutwa tu. Sauti yake iliniuma, nakiri. Nimemwambia simu yake ndiyo dhaifu.

Jioni Nkwabi amebisha hodi. Ameingia na salamu zake za Kisukuma, mhola, mhola, kama mtu asiye na neno moyoni. Akasema amesikia habari za usaili, kwa hiyo Violeth aje atumie sebule yake, ina zulia na pazia na mtandao wa uhakika. Apolonia akafungua mdomo kusema asante. Nikamtangulia. Nikamwambia Nkwabi tumejipanga, mitambo iko tayari, awahi mashine yake isije ikaunguza mpunga wa watu. Akasema haya, Baba Violeth, mlango uko wazi.

Mlango uko wazi! Mtu huyu hachoki kunitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani leo nimepewa nafasi ya mbele. Watu ambao hawanijui wamenipa mkono. Mzee mmoja wa jumuiya amenishika kiwiko akaniambia nisiwasahau wa zamani. Nimedhani ni kwa sababu ya usaili wa Violeth, nikasema nitawakumbuka wote.

Wakati wa kurudi nimepitwa na baiskeli. Nyekundu, kengele yenye sauti nene, kiti kilichoshonwa ngozi upande mmoja. Kiti hicho nilikishona mimi! Juu yake ameketi Nkwabi. Amepiga kengele, amenipungia. Alikuwa Kahama jana asubuhi kupeleka mchele. Apolonia naye ameiona. Hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na alipofika nyumbani alisema mengi.

Jumatatu, 11 Agosti

Maafa!

Nilikuwa napiga mswaki. Nafungua mlango wa uani, watu. Wanaume kwa wanawake, wengine wamekaa juu ya ukuta, wengine wamebeba sululu na karai. Yule abiria wa kwenye basi yupo, amekuja na shemeji yake. Cornel amesimama mbele amevaa kofia ngumu. Mama mmoja tayari anauza vitumbua.

Cornel akaongea kwa niaba ya wote. Alisema mzee shikamoo, sisi hatuna ugomvi, duara, yaani shimo la dhahabu, ni lako, wewe ndiye mwenye duara, sisi tunaomba tu kufanya kazi tugawane mzigo. Nikawaambia hapa hakuna dhahabu. Wakatazamana. Mmoja akasema mwenye nayo ndivyo anavyosemaga. Nikawaambia kwa jina la Mungu hakuna dhahabu! Wakaanza kuvua mashati.

Nikawaambia sawa, mashine imelia, lakini imelia kwa sababu ya mtandao. Wakacheka kwa upendo. Cornel akasema kwamba amechimba na wazee wengi, na hajawahi kukutana na mzee mwenye siri nzuri kiasi hiki.

Sasa niko kwenye mtego. Nikisema kilichoko chini, habari ya dishi imefika kwa Nkwabi kabla sijafunga mdomo. Nisiposema, wanachimba, nalo linatoka lenyewe. Nimefanya jambo pekee lililobaki. Nimeleta kiti, nimekaa chini ya mpapai, juu ya pale penyewe, na nimekataa kuondoka. Nimekula hapo. Ninaandika hapa hapa nikiwa nimekaa. Watu wamesema watarudi kesho asubuhi, mimi lazima niende chooni siku moja.

Violeth alikuja jioni akachuchumaa kando ya kiti. Hakuongelea detekta. Aliniomba ufunguo wa sanduku, baba tafadhali, kwa saa moja tu. Niliushika shingoni. Nilitaka kumpa, naapa. Lakini Nkwabi alikuwa anachungulia ukutani, na nikimpa ufunguo mbele yake ni kukubali kwamba walisema kweli wote: mke, binti, jirani. Nikamwambia avumilie, mitambo inahitaji siku moja kushika. Akasema haya baba, akaenda kupiga pasi blauzi yake.

Jumanne, 12 Agosti

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi uani hapapitiki. Nimekaa kwenye kiti changu, mashine mapajani. Wanaimba nyimbo za machimboni. Violeth ametoka chumbani: blauzi nyeupe, nywele amezibana, vyeti kwapani. Amesimama katikati ya watu wale hajui aende upande gani. Sebuleni kunanguruma, chumbani hakuna mtandao, uani kuna sululu. Nilimuona alivyokuwa mdogo siku ya kwanza ya shule, amesimama hivyo hivyo. Nikaogopa. Nikasema moyoni, Kalisti, mwanao anakosa kazi, na wewe umekaa kwenye kiti.

Nikasimama nimpe ufunguo. Nasema kweli, nilisimama kwa ajili hiyo. Kosa langu ni kusimama tu, maana kiti kilipobaki wazi kikaondolewa papo hapo.

Apolonia akapiga kofi moja. Wote wakanyamaza. Mwanamke huyu angeweza kuongoza jeshi. Akasema yeye ndiye mama mwenye nyumba na anatoa kibali, anahitaji shimo la takataka siku nyingi. Wachimbe. Masharti yake ni mawili: wachimbe bila kuimba, na kwanza Cornel alete sululu sebuleni. Nikauliza sululu sebuleni ya nini. Nikasikia kishindo kimoja cha bati.

Sanduku langu! Apolonia akapita mbele yangu na ruta mikononi, waya unaburuta chini, akaingia chumbani kwa Violeth, akachomeka. Violeth akapiga kelele ya furaha. Mlango ukafungwa. Na hapo hapo mashine ya Nkwabi ikazimika, ng'ambo kukawa kimya kabisa. Imeharibika, nikasema moyoni, safi sana. Nikamwona Nkwabi anavuka barabara anajifuta mikono, anawaambia wateja wake wasubiri mpaka mtoto amalize mazungumzo. Ndivyo anavyojisifu mtu ambaye mashine imemfia.

Saa nne. Violeth anaongea ndani, namsikia kupitia dirisha, sauti imetulia. Nje wanachimba kwa kunong'ona, wakipokezana. Cornel akaniomba mashine ahakikishe mahali. Nikakataa. Akaichukua. Akapitisha kisahani juu ya shimo, na mashine ikapiga mluzi ambao haujawahi kusikika Ngokolo.

Ndani, mazungumzo yakakatika. Nikasikia sauti ya mwanamume kwenye simu inauliza hiyo ni sauti gani. Violeth akajibu. Akasema, samahani, hiyo ni detekta ya madini iliyowekwa kwa nguvu ya juu mno, inalia hivyo ikiwa juu ya chuma kikubwa kilicho karibu na uso wa ardhi. Dhahabu ya ukanda huu haiwezi kulia hivyo, na kwa udongo huu asingechimba kabla ya kuchukua sampuli. Wakamuuliza nani anachimba. Akasema baba anatafuta mtandao. Wakacheka, wengi, nilihesabu kama kikao kizima. Naye akacheka, wakaendelea.

Uani sululu ikagonga chuma. Ngoo! Watu wakasahau masharti. Wakaruka shimoni, wakavuta kwa kamba, na dishi langu likatoka taratibu, limejaa udongo, na jina langu nililolipaka kwa rangi nyekundu nyuma yake linasomeka vizuri kabisa.

Abiria wa kwenye basi akalisoma kwa sauti. Wote wakanigeukia, halafu wakamgeukia Nkwabi.

Nkwabi aliliangalia muda mrefu. Akasema, afadhali, limepatikana. Apolonia wala hakushangaa. Akasema shimo liongezwe kina kidogo upande wa kulia.

Niweke wazi jambo moja. Sikuiba. Mtu hawezi kuiba kitu chake. Na wala sikudanganya, kwa kuwa tangu siku ile dishi halikuwa paani.

Ijumaa, 15 Agosti

AMEPATA! Amepata, amepata! Wamempigia leo. Anaripoti Bugarama mwisho wa mwezi. Wamemwambia wengine wote walijibu vizuri maswali yaliyoandikwa, lakini yeye ndiye aliyejibu hata lisiloandikwa. Nimemkumbatia mpaka akaomba hewa. Nimelia, na sijali nani aliniona. Nkwabi aliniona.

Sasa tufikiri kwa makini. Aliulizwa swali kuhusu nini? Kuhusu detekta. Detekta ililetwa na nani? Ilikuwa hewani saa nne kamili kwa sababu ya maono ya nani? Nimelieleza hili mezani. Apolonia ameomba nipitishiwe mchuzi.

Nkwabi ametuletea mchele wa kusherehekea na ile baiskeli. Akasema aliiona kwa Fredy, akaijua kwa kile kiti, akaichukua isije ikapotelea mbali, nami nikiwa tayari nitamlipa chochote. Violeth akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana. Apolonia akasema jambo ni rahisi: yeye arudishe baiskeli, mimi nitoe detekta, Cornel aende nayo Nyarugusu ikafanye kazi yake. Wote wakaona ni haki. Wakanitazama. Nikasema nitaitoa Jumapili.

Mashine iliyompatia mwanangu kazi, ikae nyumba ya Nkwabi? Aiweke dirishani pamoja na ruta?

Jumapili, 17 Agosti

Nimesema kiuno kinauma. Wamekwenda kanisani wote, na Nkwabi na Cornel pia. Mtaa mtupu.

Kwanza nimerekebisha mambo sebuleni. Sanduku jipya liko tayari, nimelichukua jana kwa fundi wa kuchomelea. Bati nene zaidi, makufuli mawili. Ruta imerudi kando ya televisheni. Jikoni mtandao umekata tena, lakini hilo nitalitafutia kifaa. Kuna mtu wa Geita anauza kitu fulani cha mgodini chenye antena nne.

Kisha nimekwenda kwenye shimo la Apolonia. Udongo bado laini, kazi imekuwa nyepesi. Nimeifunga detekta kwenye mfuko wa saruji, nimeishusha chini kabisa, nimefukia, nimekanyaga, nimemwaga maganda ya ndizi juu. Mashahidi ni kuku tu.

Wakirudi nitawaambia imeibwa. Sitamtaja mtu. Nitasema tu kwamba wezi wengine siku hizi wanavaa kofia ngumu.

Na safari hii sina wasiwasi wowote. Watachimbaje wasipojua pa kuchimba? Kifaa pekee katika mtaa huu kinachoweza kuonyesha mahali detekta ilipofukiwa ni detekta, na hiyo nimeifukia mimi mwenyewe.